Simu Mia Mbili na Kumi na Nne za Rangwe

Wesley alikuwa hatua kumi mbele, na Scovia Nyakerario alihitaji nne tu.

Alipita kati ya mafungu ya mitumba katika soko la Migori, leso begani, bastola aina ya Glock 19 kiunoni. Miezi miwili alikuwa akimfuata mtu huyu. Wesley aliingiza zebaki kutoka ng'ambo ya mpaka, ndani ya chupa za soda, akawauzia wachimba dhahabu wa Macalder. Wachimbaji walisafishia dhahabu kwa mikono mitupu. Maji yao yalirudi mtoni. Wanawake wakayachota.

Hatua nane.

Wesley alisimama kununua muwa. Alikuwa na simu tatu, zote zimewaka. Kwa mojawapo alijirekodi akitafuna, akiwasalimu wafuasi wake kwa majina.

Hatua sita. Mkono wa Scovia uliingia chini ya leso.

Simu yake ikatetemeka.

NGOME KWA KIPANGA. ACHA MBEGU. NJOO KWENYE WAVU. RANGWE KABLA YA SAA KUMI NA MBILI.

Ngome alikuwa Omanga, mkuu wa Kitengo chao cha usalama wa mpakani, mwenye ofisi Homa Bay. Kipanga ni yeye. Mbegu ni Wesley. Wavu hakuujua.

Akampigia.

"Nipe dakika moja, mzee. Ako hapa mbele yangu."

"Huna dakika."

"Ana mzigo."

"Darubini inamwonyesha kijani, Scovia. Rangwe ni nyekundu tupu. Mwache."

Wesley alitema makapi ya muwa, akacheka na simu yake, akapotea nyuma ya lori la ndizi.

Scovia alibaki amesimama. Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi.

* * *

Matiko alikuwa akimngoja ndani ya Probox nyeupe nyuma ya kituo cha mafuta. Mkuria wa Isebania, mrefu, magoti yake karibu yaguse usukani. Walifanya kazi pamoja mwaka wa nne sasa.

"Umemkosa?"

"Nimenyimwa."

 Matiko alitia gia, wakaelekea Awendo.

Nyuma ya gari palikuwa na sanduku jeusi lenye antena sita. Kizibo. Kikiwashwa, hakuna simu iliyopata mawimbi kwa kilomita tano kila upande. Juu yake palibandikwa karatasi yenye herufi nyekundu: USIWASHE KABLA YA ORODHA KUFUNGWA.

"Hiyo wamenipa asubuhi," Matiko alisema. "Saa kumi na mbili kamili orodha inafungwa. Kisha tunaziba mtandao, malori yanaingia, watu wanabebwa. Hakuna wa kupiga simu, hakuna wa kutuma video. Hivyo tu."

"Watu gani?"

"Soma. Mimi ni dereva."

Scovia alifungua tableti ya Samsung, akaweka kidole gumba. Darubini ikafunguka.

Darubini ilikuwa mfumo mpya wa serikali wa kulinda mtandao. Ulinunuliwa kwa kampuni ya kigeni, na mshauri wa kampuni hiyo, bwana mmoja aitwaye Kessel, alikuwa ameletewa kiti katika ofisi ya Omanga tangu Januari. Darubini ilisoma mienendo ya simu na kuwapa watu rangi. Kijani, manjano, nyekundu. Ikikuita nyekundu, unakamatwa. Na hakuna mtu, awe karani au mkuu, aliyeruhusiwa kulifuta jina. Hicho kilikuwa kifungu cha tisa cha masharti yake, kilekile kilichomfungia mtuhumiwa nje ya mfumo. Walikitunga ili kuzuia hongo, na Scovia alikuwa amekipigia makofi.

Jina la kwanza lilikuwa Sammy Onchiri. Fundi wa simu, Rangwe. Kiongozi wa kundi.

Scovia aliitazama picha kwa muda mrefu. Mvi zilikuwa zimeongezeka. Duka la Onchiri lilikuwa limepakana na duka la mahindi la Mochama, baba yake Scovia, mpaka siku Mochama alipofariki.

Chini ya picha zilipangwa sababu, kila moja na alama zake. Kompyuta yake inatumia Linux Mint, mfumo usio wa kawaida: alama tisa. Hutumia Firefox na kuzuia matangazo: tano. Huandikiana na watu kwa Signal: kumi na moja. Hana akaunti yoyote ya kujionyesha: saba.

Halafu ile iliyobeba uzito wote. Kanuni ya 14. Alama sitini, zinazotosha peke yake kumfanya mtu awe nyekundu.

Simu 214, mahali pamoja, zimezimwa kwa pamoja Ijumaa jioni. Huwaka kwa pamoja Jumamosi jioni. Kila wiki.

"Magaidi wa kulala mapema," Matiko alisema, akichungulia. "Tena wanajifungia wote pamoja. Wamejipanga."

Scovia aliisoma tena ile kanuni.

"Matiko. Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Simamisha gari."

* * *

Walisimama kando ya barabara karibu na Rongo, mbele ya shamba la miwa.

"Hao ni Wasabato," Scovia alisema. "Wanazima simu jua likizama Ijumaa. Wanawasha likizama Jumamosi. Ni ibada, Matiko. Mimi nimelelewa pale. Nilibatizwa pale."

Matiko aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. "Mwambie mzee."

Alimwambia mzee. Omanga alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomtisha.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilimweleza Kessel mwezi uliopita. Alisema mfumo utajifunza wenyewe. Jumatatu kamati ya bunge inasoma muswada wa mtandao, Scovia. Wanataka kuona Darubini imeshika watu. Watu wengi. Kessel yuko njiani kuja Rangwe na wapiga picha. Mimi pia naja."

"Hao ni waimba kwaya."

"Basi watatoka. Siku tisini za uchunguzi, watatoka. Na mimi sina kitufe cha kufuta. Wewe unajua sina. Piga Nairobi."

Akapiga Nairobi. Mwanamke mwenye sauti ya upole alikubaliana naye kwa kila neno. Akasema ni jambo la kusikitisha sana. Akasema wao hutazama tu, anayerekebisha ni kampuni, akampa nambari ya kampuni. Nambari ya kampuni ilipokelewa na mashine. Mashine ilimshukuru, ikampa nambari ya ombi yenye tarakimu kumi na mbili, ikaahidi jibu ndani ya siku tatu za kazi.

Saa tisa na dakika arubaini.

Wote walikuwa wamemwamini. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Scovia alitamani angepata japo mtu mmoja wa kubishana naye.

"Kuna kitu hujasema," Matiko alisema.

Alikuwa anamjua.

Scovia aliitazama miwa. Mwaka jana, katika hoteli moja Naivasha, watu wa Kessel waliwaketisha maafisa wa mipakani na kuwataka waandike dalili za magenge. Yeye aliandika anachokijua. Wabebaji wa magendo huzima simu pamoja wanapovuka mpaka, huziwasha pamoja wakishavuka. Waliisifu sana. Wakaipa nambari.

"Kanuni ya 14 ni yangu," alisema. "Niliiandika kwa mkono wangu. Na ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nakula mbuzi wa kuchoma, simu yangu imewaka mezani, wala sikukumbuka."

Matiko aliwasha gari.

"Zikiwaka kabla ya saa kumi na mbili, inakuwaje?"

"Mfumo wenyewe unayatoa majina."

"Basi twende tukaziwashe."

* * *

Kanisa lilikuwa nyuma ya soko la Rangwe, mabati mapya juu ya kuta za zamani. Kwenye nyasi akina mama walikuwa wamekaa kwa makundi. Chakula kilichopikwa jana kilikuwa kimeliwa, sufuria zimefunikwa. Kwaya ilikuwa inarudia wimbo uleule wa jioni, polepole, bila ala.

Karibu na stendi ya soko Scovia alikuwa ameyaona malori mawili ya askari, turubai limeshushwa.

Sammy Onchiri alikuwa ndani, ameketi peke yake kwenye benchi la mbele. Kando yake lilisimama kabati la mbao lenye vijumba vidogo mia mbili na ushee, kila kijumba na nambari. Ndani ya kila kijumba, simu. Tecno, Infinix, Nokia za vitufe zilizofungwa kwa mipira. Zote kimya.

"Bwairire, mwana wa Mochama," alisema kwa Kigusii, kumtakia jioni njema, kama aliyemwona jana. Kisha kwa Kiswahili, kwa heshima ya Matiko: "Karibuni. Umechelewa ibada kwa miaka tisa, lakini kwaya bado iko."

"Bwairire, mzee. Nisikilize kwanza."

Alimweleza yote. Darubini, orodha, malori, saa kumi na mbili. Alimsomea alama zake. Alipofikia Linux Mint, Onchiri aliinua nyusi.

"Hiyo nayo ni kosa?"

"Inasema si kawaida."

"Ile kompyuta ilitupwa na shule. Mfumo mpya waliouweka uliikataa, wakaambiwa wanunue nyingine. Mimi nikaweka huu wa bure, ikaamka. Nawafundishia watoto wa hapa kuandika. Na Firefox ni kwa sababu matangazo ya kamari yalikuwa yananirukia usoni mbele ya watoto hao. Sikuwa najificha. Nilikuwa nachagua. Mtu akichagua sufuria, anaulizwa?"

"Mzee, muda."

"Hebu ngoja, umekuja na serikali nzima hapa, nami niseme." Hakupandisha sauti. "Mimi nataka sheria ya mtandao. Usifikiri sitaki. Binti yangu Lynnet, mtu alitengeneza picha za uongo kwa uso wake, akazimwaga kila mahali. Nilienda kwa chifu, nikaenda polisi, nikaenda mpaka Homa Bay. Kila mtu alisema pole. Hakuna aliyekuwa na pa kunipeleka. Sasa mnaniletea sheria, na bado haina pa kunipeleka. Sheria isiyo na mlango wa kubisha hodi, hiyo ni ukuta tu."

Nje wimbo ulianza upya.

Saa kumi na moja na dakika kumi.

"Tuziwashe," Scovia alisema. "Watu wanne, dakika thelathini. Hazihitaji hata nambari za siri. Ziwake tu, mpaka orodha ifungwe. Hakuna atakayekamatwa."

Onchiri aliwaita wazee wenzake, na Mellen, mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati. Walizungumza pembeni. Mara mbili Scovia aliwasikia wakitaja jina la baba yake. Mellen alikuwa na mimba kubwa, na mkono wake haukuondoka tumboni. Mmoja wa wazee alitaka ziwashwe. Alisema Mungu anajua. Mellen alimuuliza, na wiki ijayo? Na ile nyingine?

Walirudi.

"Hapana," Onchiri alisema.

"Mzee, ni siku tisini. Ni seli. Mellen atajifungulia huko."

Mellen alijibu mwenyewe. "Tukiziwasha leo kwa kuogopa, dada, tutakuwa tumewapa siku yetu. Watairudia kuichukua. Wakitukamata, watukamate tukiimba."

Scovia aliliangalia kabati. Kufuli ndogo, ya bati hafifu. Angeivunja kwa kitako cha bastola. Matiko alikuwa anaiangalia kufuli hiyohiyo.

Onchiri aliona macho yao. Hakusogea kulikinga. Alivuta tu benchi, akawaachia nafasi.

"Una nguvu ya kufanya hivyo," alisema. "Lakini ukifanya, usiseme ulitusaidia."

 Scovia alikuwa amefunzwa kufungua milango, kufuata magari, kumlaza mtu chini kwa sekunde tatu. Hakuna aliyemfunza la kufanya mbele ya mtu anayekataa kuokolewa.

"Nani aliweka hiyo kanuni ya simu?" Onchiri aliuliza.

Scovia alirudi hatua moja kutoka kwenye kabati.

"Mimi, mzee."

Onchiri alilirudisha benchi mahali pake.

"Uliisahau siku."

"Niliisahau."

Onchiri aliinamisha kichwa. Hakusema pole, wala hakusema neno baya. Alitoka nje kwenda kuwaambia watu wajipange, watoto wakabidhiwe kwa majirani Wakatoliki.

* * *

Saa kumi na moja na dakika thelathini na nane.

Scovia na Matiko walisimama nyuma ya Probox. Kule stendi, Land Cruiser nyeupe yenye sahani ya setilaiti juu ilikuwa imeegeshwa kati ya malori. Kessel alikuwa amesimama kando yake, miwani ya jua, akiwaonyesha wapiga picha mahali pa kusimama. Omanga alikuwa pembeni, simu sikioni, nyingine mkononi.

"Hatuwezi kuwatoa kwenye orodha," Matiko alisema.

"Hatuwezi."

"Basi?"

Scovia alisoma tena karatasi iliyobandikwa kwenye sanduku. USIWASHE KABLA YA ORODHA KUFUNGWA. Alikuwa ameisoma mara tatu leo bila kujiuliza kwa nini.

Kanuni ya 14: simu zaidi ya mia moja, mahali pamoja, zikizimika kwa pamoja. Na Darubini haikutofautisha simu iliyozimwa na iliyozibwa.

"Kwa nini wasitake tuwashe mapema?" alisema polepole.

Matiko alifikiri. Kisha akaanza kutabasamu, na tabasamu lilipofika masikioni akalifuta.

"Madam. Hiyo ni kazi yako kwisha. Na yangu."

"Shuka gari. Sema ulienda kujisaidia."

"Miaka minne tumekaa pamoja, unanituma chooni?" Alifungua mfuniko wa sanduku. "Soko liko wazi. Kuna watu wanalipwa kwa simu saa hii. Kuna mtu anaita pikipiki ya mgonjwa."

"Najua."

Alijua. Hakukuwa na njia safi. Alikuwa ameitafuta tangu Rongo.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili.

Alibonyeza.

Antena sita hazikutoa sauti yoyote. Ila soko lote lilitulia kidogo, kisha likainua simu juu. Muuza omena aliipiga yake kofi. Vijana wa boda walitazamana. Askari ndani ya malori walitoa vichwa nje ya turubai, simu mikononi, wakizungusha mikono hewani.

Dakika hamsini na tano. Kessel aliangalia simu yake, akaangalia anga.

Dakika hamsini na nane. Omanga aligeuka, akaiona Probox.

Alianza kutembea kwa haraka. Kisha akakimbia, mtu mzito wa miaka hamsini na sita, tai begani.

Motorola ya Matiko ikakoroma. "Kipanga, zima hiyo kitu. Zima sasa. Hiyo ni amri."

Scovia alichukua redio.

"Ngome, rudia. Sikusikii vizuri."

"Zima!"

"Rudia."

Omanga alifika kwenye gari akihema. Saa kumi na mbili kamili.

Orodha ikafungwa.

* * *

Ilichukua dakika tatu kabla ya Kessel kupiga kelele. Sahani ya setilaiti haikuzibwa na kizibo, kwa hiyo skrini ndani ya Land Cruiser ilikuwa inaona kila kitu.

Watuhumiwa wa kundi la Rangwe: 19,806.

Muuza omena alikuwamo. Padri wa Asumbi aliyepita kununua mafuta alikuwamo. Naibu kamishna alikuwamo, na kamanda wa operesheni, na kila askari katika malori mawili. Omanga, simu mbili. Kessel, simu moja na saa ya mkononi. Matiko. Scovia mwenyewe.

Na kwa mujibu wa kifungu cha tisa, mtuhumiwa haruhusiwi kuifungua Darubini wala kutekeleza hati zake, na hakuna binadamu anayeweza kulifuta jina.

Kamanda alibonyeza tableti yake, iliyounganishwa na sahani ileile. Ikamwambia aripoti kituo cha polisi kilicho karibu.

Scovia alizima kizibo. Simu za soko zilianza kulia zote kwa mkupuo. Huko nyuma ya mabati wimbo uliendelea, na jua lilikuwa bado juu ya paa kwa upana wa kiganja. Hakuna aliyekimbilia kabati.

Omanga alipiga Nairobi kwa simu ya setilaiti ya Kessel. Scovia alimwona akiitikia kwa kichwa, akiandika nambari kwenye kiganja chake. Tarakimu kumi na mbili. Siku tatu za kazi.

Malori yaliondoka yakiwa matupu. Wapiga picha walipiga picha za vumbi lao.

Jua lilipozama, Mellen alifungua kufuli. Watu walichukua simu zao mmojammoja, kwa foleni, kama kila wiki. Zilipowaka, zote zilipokea ujumbe uleule: laini hii iko chini ya uchunguzi kwa siku tisini. Hutaweza kununua laini mpya wala kusajili akaunti.

Onchiri alimwonyesha Scovia wake. Scovia akamwonyesha wake. Ulikuwa uleule, neno kwa neno.

"Sasa tumekuwa wengi," mzee alisema. "Lakini mlango bado hakuna."

"Hakuna, mzee."

Alimpa sahani iliyofunikwa. Ndizi za jana. Scovia alikula akiwa amesimama.

Omanga alimkuta hapo. Tai alikuwa ameivua. Alionekana kama mtu aliyeugua wiki moja.

"Kamati imeahirisha," alisema. "Mwenyekiti ameuliza mfumo gani unamkamata muuzaji wake. Kessel anasema ni hujuma. Anataka kichwa."

Scovia alifuta vidole kwa leso.

"Nimekutafutia njia," Omanga aliendelea, kwa sauti ya chini. "Andika barua leo. Sema ulikosea saa. Sema saa yako ilikuwa mbele dakika nane. Omba radhi kwa Kitengo, omba radhi kwa Kessel, aya mbili tu. Nitakuombea ubaki. Matiko pia."

"Wesley yuko wapi, mzee?"

"Nani?"

"Wa zebaki."

Omanga aliangalia tableti kwa mazoea, kisha akakumbuka haifunguki. "Yuko Migori. Kijani."

Scovia alitoa Glock, akatoa magazini, akaviweka vyote viwili juu ya boneti ya Probox mbele ya Omanga. Akaweka na kitambulisho. Matiko, nyuma ya usukani, aliwasha gari bila kuambiwa, akamfungulia mlango.

Hakuingia. Alianza kutembea kuelekea barabara kuu, leso begani, na Probox ikamfuata taratibu.

"Scovia! Aya mbili! Nitaiandika mimi mwenyewe, wewe utie sahihi tu."

Aligeuka mara moja.

"Yule niliyemkosea ananijua, na amenilisha. Nyinyi siwaombi radhi."